Kadi Yako Bado Inaingia Kazini

Kaka Shabani,

Ulizoea kunisikia kwenye simu, nikikuuliza umekula nini na kama umenishikia kiti kwenye basi. Leo nimeshika kalamu, maana haya nikimwambia mtu kwa mdomo ataniangalia mara mbili. Wewe hutaniangalia. Tena yanakuhusu mwenyewe.

Nianze na nyumbani. Mama mzima, mguu ndio unamsumbua mvua ikinyesha. Amepanda muhogo kwenye kile kishamba tulichopewa hapa Quitunda tulipohamishwa kupisha mradi wa gesi, nao umeota vizuri, ingawa bado anasema udongo huu haumjui. Ukuta wa chumba chako umepata ufa. Nguo zako tuligawa baada ya arobaini, kama desturi, isipokuwa shati moja la kazi ambalo mama alilikatalia. Hatukumbishia. Pikipiki iliyokutupa kwenye tope la Mute iko bado nje ya kituo cha polisi, imeshika kutu na kuku wanalala juu yake. Nikipita hapo nageuza uso.

Sasa ya kazini.

Unakumbuka zilipofungwa zile mashine za kadi? Kila mfanyakazi kadi yake yenye picha, ukiigusisha tu mashine inalia na kukutaja jina. Ya kwanza iliwekwa kwenye nguzo, hapa kituo cha basi cha Quitunda. Sauti ya mwanamke, Kireno cha mbali, na jina lako kama wanavyoliandika Wareno: "Bom dia, Chabane." Ulicheka hadi ukainama. Ukasema, "Huyu mama ananiamkia vizuri kuliko mdogo wangu." Siku nzima ukawa unajiita Shabaane, kwa kuvuta, mpaka wapishi wakakuchoka.

Haukupita muda baada ya mazishi yako, akaja engenheiro mpya, mhandisi. Anaitwa Abílio, mtu wa Beira, mpole, mwembamba, miwani inamteleza puani kwa jasho. Aliletwa kuigeuza kazi yetu iwe ya kidijitali. Kampuni yetu unaijua, mkandarasi mdogo tu wa maji ya kambi ya gesi: tunavuta, tunasafisha, tunasukuma kwa watu wanaojenga. Usomaji wa pampu tulikuwa tunauandika ubaoni, mvua ikipigwa na upepo dirishani wino unachuruzika. Abílio akasema mashine zinasema tangu asubuhi hadi jioni na hakuna anayezisikiliza. Akafunga vihisi kwenye pampu, kwenye matangi, kwenye jenereta. Joto, mtikisiko, msukumo wa maji, vyote vikawa vinamiminika kwenye kompyuta moja, na mimi akanitoa stoo akaniketisha mbele yake.

Sitakudanganya, kazi niliipenda. Ile pampu yako kubwa ilitaka kuunguza beringi. Tuliiona inapanda joto kidogo kidogo kwenye mchoro kabla hata haijaanza kupiga kelele, tukaisimamisha, ikatengenezwa, na kambi haikukosa maji. Nikataka kukupigia simu nikuhadithie. Simu nilikwisha kuishika mkononi ndipo nikakumbuka.

Kisha tukaingiza na data za kadi. Hapo ndipo ulipotokea.

Ngoja nikueleze vizuri. Chumvi ya bahari ilikuwa inaziua mashine za kadi za huko ndani. Mtu anapita mlangoni, haimsomi. Basi mfumo ukafundishwa kukisia. Ulilishwa nyendo zetu zote za nyuma, za kila mtu, ili mtu akipotea katikati ya siku wenyewe umweke pale ambapo kwa kawaida angekuwa saa ile. Kwenye skrini kubwa ya ukutani kila mmoja wetu ni kitone juu ya ramani. Aliyesomwa na mashine kitone chake ni kijani iliyokoza. Aliyekisiwa ni kijani iliyopauka, kama jani la ndani ya kabichi.

Asubuhi moja nikaona kitone kilichopauka kinatoka getini, kinakwenda nyumba ya pampu. Nikakibonyeza nisome jina.

Chabane. Na picha yako, ile uliyopigwa umekunja uso kwa jua.

Sikupiga kelele. Nilitoka nje, nikashika ukuta, nikasoma dua niliyoikumbuka. Nikarudi. Ulikuwa bado upo.

Nikamwita Abílio. Akachimbua, akaona kilichotokea: kufa kwako kuliandikwa kwenye mfumo wa zamani wakati majina yalikwisha kunakiliwa kwenye mpya. Ofisi ya mishahara ilijua umekufa. Milango haikujua. Akaandika ombi kwa wenye mfumo, huko Maputo, wakuondoe. Wakajibu kwamba limepokewa, na hapo likalala.

"Lakini kuna jambo, Zaina," akaniambia, huku anapandisha miwani. "Mfumo haukisii mtu ambaye hajaianza siku. Lazima kadi iguswe mahali, mara moja, na hii inaguswa kituo cha Quitunda. Nani anamwanzisha?"

Mimi wakati ule nilikuwa nalala kambini, mwezi mzima ndani ndipo nitoke. Ya Quitunda alfajiri nilikuwa siyajui.

Basi nikawa naishi na wewe mle ofisini. Asubuhi unashuka kwenye basi, unakwenda nyumba ya pampu, ile iliyosimama jirani na ilipokuwa minazi ya baba kabla hatujahamishwa. Jua likipanda unazunguka matangi. Adhuhuri unakwenda kwenye lile kontena la kuswalia. Ukitoka hapo, unakaa nyuma ya tangi la tatu, palepale ulipokuwa unakula muhogo wako na samaki wa kukaanga kwa sababu pana kivuli na upepo. Jioni unatoka getini, unapotea. Hukuchelewa hata siku moja, kaka. Ulipokuwa hai ulikuwa unachelewa.

Siku moja sikuvumilia. Nilikuona uko nyumba ya pampu, nikavaa kofia ya kazi nikaja kwa miguu. Mwendeshaji mpya alikuwa nje anaongea na simu. Ndani hamna mtu, ni joto, harufu ya grisi na ule mngurumo unaoingia kwenye meno. Nikasimama kwenye kona ambako skrini ilisema upo. Nilisimama tu. Sikuhisi baridi, sikuhisi mkono begani, kama wanavyohadithia watu. Nilihisi kwamba nimemzuia mtu njia, nikasogea.

Niliporudi ofisini, mwenzangu Lurdes akaniuliza, "Ulikwenda kuonana na nani kule? Vitone vyenu viligusana. Halafu cha mwenzako kikasogea."

Nikamwambia ni kosa la mashine. Ndivyo tunavyosema kwa kila kitu.

Sasa nije kwenye siku ya king'ora.

Ilikuwa mchana, watu ndio wametoka kula. Valvu ya mtungi wa klorini, ile dawa tunayotilia maji, iliachia, na gesi ikaanza kutoka upande wa matangi. Wewe unaijua harufu yake, inakukamata koo kama mkono. King'ora kikalia. Wote tukakimbilia uwanja wa kukusanyika, ule wa kokoto karibu na geti, kila mtu anagusisha kadi yake pale ili mfumo ujue ametoka. Abílio alikuwa na kile kibao cha kompyuta mkononi, anatazama majina yanavyopungua. Yakapungua, yakapungua, likabaki moja.

"Chabane," akasoma kwa sauti. "Nyuma ya tangi la tatu. Nani amemwona Chabane?"

Lilimtoka mdomoni kwa haraka, kaka, usimlaumu. Siku ile ya ofisini alikuona kama kosa la data. Uwanjani uligeuka mtu.

Watu wetu wa siku nyingi wakatazamana. Mzee Bakari wa jenereta akashusha macho. Waokoaji walikuwa wageni, Momade na Artur, vijana wa Nampula. Walikwisha kuvaa mitungi ya hewa mgongoni.

Nikapiga kelele, "Chefe, já morreu! Amekwisha kufa!"

Na wao wakasikia kwamba amekufa sasa hivi, mle ndani, na mimi nimemwona. Momade akafunika uso kwa barakoa, wakaondoka mbio wote wawili. Nikawakimbilia kuwaambia hapana, rudini, hakuna mtu huko, mnamfuata mtu tuliyemzika. Mzee Bakari akanidaka kiuno. Tuliwaona wanaingia kwenye lile wingu la manjano-kijani lililolala chini chini, miguu ikapotea kwanza, halafu wao.

Sijui tulikaa muda gani. Najua nilikuwa nakuomba wewe. Nilikuwa nasema, kaka, warudishe, warudishe watoto wa watu, wasife kwa ajili ya kitone.

Wakarudi watatu.

Walikuwa wamembeba mtu, mmoja kashika mabega, mmoja miguu. Nilipoona ovaroli ya bluu na kichwa kimelegea, nikachomoka mikononi mwa Mzee Bakari. Ningeapa ni wewe. Walipomlaza kwenye kokoto na kumtia hewa ndipo nikaona ni Jamali, kibarua mpaka rangi, mtoto wa Mute. Alikuwa amelala nyuma ya tangi la tatu, kwenye kile kivuli. Kwenye mfumo yeye alikuwa nje, salama, kijani iliyokoza kabisa: msimamizi wao alikusanya kadi za kundi zima asubuhi awagusishie mwenyewe zisipotee, na king'ora kilipolia akazigusisha zote uwanjani kwa mkupuo, bila kutazama nyuso.

Jamali alikohoa damu kidogo, akalazwa hospitali, akapona. Nilikwenda kumwona. Mamake alinishika mikono yote miwili. Na yeye Jamali, kwa sauti iliyokwaruza, akaniambia hivi: "Dada, nilikuwa usingizini. Nikasikia mtu ananiita. 'Bwana, inuka, hapa pangu.' Nikajaribu kuinuka, miguu haikunibeba. Halafu ndio wakaja wale."

Nikamuuliza Momade kama ndiye aliyemwita. Akanitazama. "Na barakoa usoni? Mle huwezi kuita mtu. Unaweza kupumua tu."

Mimi sisemi neno hapo, kaka. Nimekuandikia jinsi nilivyoambiwa.

Hazikupita siku nyingi, wakuu wakaja kutoka Maputo. Wakakaa kwenye ukumbi wa baridi, wakatuonyesha picha: mfumo mpya umeokoa maisha, huu ndio ushahidi kwamba data ikitumiwa inalipa. Walitaka kwenda kulihadithia kwenye mikutano yao. Watu wakapiga makofi. Abílio hakupiga. Nikamtazama, akanitazama, nikasimama. Kireno changu kilitetemeka lakini kilitoka. Nikasema mfumo haukumwona Jamali. Mfumo ulimwona kaka yangu, naye yuko kaburini. Watu wawili wazima walitumwa ndani ya sumu kumtafuta maiti, na aliyekuwa anakufa kweli ulimwandika kwamba yuko nje.

Mkuu mmoja akafunga kompyuta yake taratibu. Nilijua kazi imekwenda. Abílio akasema, "Anasema kweli, na ombi la kumwondoa niliandika mwenyewe, mkanijibu limepokewa." Kazi haikwenda. Zile picha hazikuonyeshwa tena. Lakini wakatutaka tujue nani anagusisha ile kadi, maana mgeni mwenye kadi ya kazi ni tatizo la usalama, na usalama huku kwetu, baada ya vita tuliyoiona, si jambo la kuchezea.

Kadi ilikuwa inaguswa kituo cha Quitunda. Nikaomba ruhusa, nikalala nyumbani. Alfajiri nikaamka nikakuta kitanda cha mama kitupu.

Nilimkuta kituoni. Amesimama kwenye foleni na wanaume wa kazi, kanga kajitanda mpaka kwenye paji. Hakuna aliyemshangaa. Walimwachia nafasi, "Pita, mama," kama wanaompisha kila siku. Kumbe kila siku. Dereva anajua, foleni yote inajua, mimi peke yangu mtu wa data ndiye nisiyejua. Akafika kwenye nguzo, akatoa kadi kifuani, akaigusisha.

"Bom dia, Chabane."

Akasimama kidogo, kama mtu anayesikiliza mpaka mwisho. Halafu akageuka, akaniona. Hakushtuka.

Tulikaa kwenye jiwe pembeni mpaka basi likaondoka. Akanieleza. Kadi aliikuta mfukoni mwa lile shati. Alikuja kuirudisha, ampe dereva, ikagusa mashine kwa bahati. "Mwanangu, watu wote walikuwa wananiambia pole. Pole, poleni, marehemu, marehemu. Ile mashine tu ndiyo ilikuwa inamwamkia."

Nikamwambia yote, na ya kwenye skrini pia. Nilidhani ataogopa. Akanishika goti.

"Akishaingia, anakwenda wapi?"

"Nyumba ya pampu, mama."

"Penye minazi ya baba yako."

"Hapohapo."

"Kumbe anarudi nyumbani," akasema. Halafu: "Anaswali?"

"Adhuhuri anakwenda kuswali."

"Alhamdulillahi. Na jioni akitoka, anakwenda wapi?"

Nikamwambia skrini haisemi. Getini inaishia. Mama akatazama barabara ile ya vumbi inayokuja kwetu, akaitazama mpaka nami nikaitazama.

Kadi alinipa mwenyewe, sikumnyang'anya. Alitaka jambo moja tu, aingie mle ndani akamzuru baba, kwa kuwa makaburi yetu ya zamani yalibaki upande wa pili wa uzio. Abílio akamsimamia. Ijumaa iliyofuata mama akapewa kadi ya mgeni, nikampeleka. Akang'oa majani kwenye kaburi la baba, akasoma, akanyunyiza maji. Kutoka pale unaisikia pampu yako. Alipomaliza akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu chumba cha pili, "Shabani, baba, inatosha. Kapumzike." Pampu ikaendelea kunguruma.

Nikamtoa getini nikampandisha gari la kurudi Quitunda, mimi nikaenda ofisini. Nikakaa mbele ya kompyuta na kukufuta, maana Maputo walikwisha kutupa ruhusa. Mfumo ukauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, jina na picha yako vikazimika, nami nikalia mpaka Lurdes akafunga mlango.

Nilipofuta macho na kutazama skrini, kulikuwa na kitone makaburini. Kimepauka. Nikakibonyeza. Ilikuwa picha ya mama, ile aliyopigwa asubuhi getini.

Najua sababu. Mashine ya kutokea haikuisoma kadi yake, mfumo haukuwa na siku nyingine yoyote ya mama, ukambakiza pale alipokaa zaidi. Yote hayo nayajua, ndiyo kazi yangu. Hata hivyo nikaishika simu. Nikapiga. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nikapiga tena.

"Haloo?"

"Mama, uko wapi?"

"Jikoni, mwanangu. Nilikuwa natwanga kisamvu, simu sikuisikia. Kuna nini?"

"Hakuna. Sema tu."

"Niseme nini?"

"Chochote."

Akacheka kidogo. "Basi ukija, njoo na nazi. Iliyopo imeoza."

Nilimwacha aseme. Alisema habari za nazi, za jirani, za mbuzi aliyeingia kwenye muhogo, nami huku natazama kile kitone makaburini kisichotikisika.

Kaka, sasa sikiliza ahadi yangu. King'ora kikilia tena, kabla ya skrini yoyote, nitasimama kwenye zile kokoto na kuwaita watu kwa majina yao, mmoja mmoja, na nitangoja kila mmoja aitike kwa sauti yake. Abílio amekubali, na ndivyo tunavyofanya kwenye mazoezi. Mama nitamtunza, nazi nitampelekea. Kazi yako sasa ina mwenyewe, kijana mwema kutoka Quiterajo. Jina lake naye ni Shabani, lakini huyo nitamwita pamoja na jina la baba yake.

Lala, ndugu yangu. Mungu akupanulie hapo ulipo. Na siku utakayosikia majina yanaitwa, hata likija lako, usiitike.

Mdogo wako,
Zaina